Mama Gundi na Jalada la Kijani

Ukiingia maktaba ile kwa mlango wa mbele utapokewa na rafu, na watu walioinamisha vichwa, na kibao kinachokuomba ukimya. Lakini ukimtaka Mama Gundi, usipite huko. Zunguka nyuma, pita kwenye mafagio na ndoo, sukuma mlango wa kijivu ambao hauna kitasa ila kamba. Harufu ya gundi itakusalimu kabla ya mwenyewe.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipewa na watoto waliokuwa wakija kwake na vitabu vilivyochanika, wamevificha mgongoni, wanangoja kufokewa. Hakuwafokea. Alikipokea kitabu, akakipapasa huku na huku kama daktari anavyompapasa mgonjwa tumbo, akauliza, "Kimeanguka wapi, baba?" au "Nani amekilalia, mama?" Mtoto akajikuta anaeleza yote, hata ambayo hakuulizwa, mpaka ya nyumbani kwao.

Kazi ya kutengeneza vitabu hakuisomea. Alikuja pale kufagia. Fundi wa zamani, mtu mmoja mkimya asiyependa salamu ndefu, alimwona siku moja ameokota kurasa zilizodondoka sakafuni na badala ya kuzitia kwenye pipa anazipanga kwa namba. Akamwambia, "Weka fagio. Kaa hapa." Akakaa, na mwaka huu ni wa ishirini na mbili. Fundi yule alipostaafu alimwachia vitu vinne: sindano nene, brashi ya gundi, mfupa wa kukunjia karatasi uliolainika kama kipande cha sabuni, na meza.

Meza hiyo ndiyo mwanzo wa yote haya, kwa hiyo mniwie radhi nikae hapo kidogo. Chumba kina dirisha moja tu, na ukikaa mezani dirisha liko kulia kwako. Sasa kitabu kikiumia, mara nyingi huumia mgongo, pale kurasa zinaposhonewa, na uzi ule ni mwembamba, na macho ya Mama Gundi yana umri wa miaka hamsini na minane. Lazima mgongo uelekee kwenye mwanga. Basi hukilaza kitabu jalada la mbele likiwa juu, mgongo ukiwa upande wa kulia. Chukua kitabu chochote hapo ulipo ujaribu. Jalada juu, mgongo kulia. Umeona? Kimegeuka. Kichwa cha kitabu kinakuelekea tumboni, na kila kilichochorwa juu yake kimesimama kichwa chini, miguu juu.

Mwanzoni jambo hilo lilimsumbua. Kufika mwaka wa tatu hakuliona tena. Herufi zilizopinduka alizisoma bila kusita, na jicho lake likaacha kumwambia lipi ni juu na lipi ni chini. Kila jalada alilolijua vizuri, alilijua hivyo.

Jumatatu moja asubuhi mkutubi mkuu alisukuma mlango wa kamba. Mkutubi mkuu ni mtu wa funguo nyingi. Unamsikia anavyokuja tangu yuko ukumbini.

"Mama Gundi, nimekuja na ombi. Nataka uwe jaji."

Mama Gundi hakuinua macho kwenye sindano. "Nani kaiba?"

"Hakuna aliyeiba. Ni lile shindano letu la majalada."

Shindano lenyewe lilikuwa la kuchagua jalada bora katika riwaya za sayansi ya kubuni na za fantasia, zile za vyombo vya angani, majoka, na milango ya kabati inayofunguka kwenye dunia nyingine. Wasomaji walikuwa wamependekeza vitabu zaidi ya mia, vikachujwa, vikabaki vinane. Majaji walitakiwa watatu. Wawili walikuwepo, ila wa tatu, mhariri mmoja, alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake na mguu wake sasa ulikuwa umefungwa plasta mpaka gotini.

"Mkuu, mimi hivyo vitabu vya watu kuruka angani sijawahi kusoma hata kimoja."

"Huhukumu hadithi. Unahukumu jalada. Hebu niambie, nani katika nyumba hii ameyashika majalada kukuzidi wewe?"

Mama Gundi akafikiri. Hakumpata.

"Na atakayeshinda anapata nini?"

"Mchoraji atapewa cheti. Halafu ile picha tutaichapisha kwenye kadi mpya ya uanachama. Kila anayejiunga na maktaba, mkubwa kwa mdogo, atatembea nayo mfukoni."

"Kadi ya sasa si ina picha ya jengo?"

"Ina picha ya jengo."

"Jengo hili hili?"

"Hili hili."

"Maskini," alisema Mama Gundi, na kwa mara ya kwanza akaitua sindano. "Katika hivyo vinane, kile cha kijani kimo?"

Kilikuwemo. Hapo ndipo alipokubali.

Niwaambie habari ya jalada la kijani. Kitabu kile kilikuwa kimepita mikononi mwake mara tisa. Mara mgongo umepasuka, mara kurasa za katikati zimechomoka, mara kimetumbukia kwenye beseni. Kila kilipoletwa Mama Gundi alifurahi, kisha akajionea haya, maana ni nani anayefurahia mgonjwa kurudi hospitali? Alikilaza mahali pake na kuitazama ile picha huku gundi inapata moto. Palikuwa na mwanamke wa makamo amesimama wima katikati ya nyota nyingi kama chumvi iliyomwagika, amevaa vazi la safari za angani, kofia yake ya kioo ameikumbatia kwapani. Na chini ya miguu yake, nyayo zake zikigusana na nyayo za mwingine, alikuwepo mtoto wa kike, peku, katikati ya matete ya kijani, ananing'inia kichwa chini.

Mama Gundi hakuhitaji kusoma hadithi ili aelewe. Yule mtoto ni yule mama zamani. Mama amefika mbali, kwenye nyota, lakini anachokanyagia ni nyayo za mtoto aliyekuwa. Na Mama Gundi, aliyewahi kuwa peku na kuwahi kushika fagio, alimwita Mama wa Nyota, na siku nyingine akimaliza kumfunga kwenye kibanio alimuaga kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa.

Alitaka kitu kimoja tu: Mama wa Nyota akae kwenye ile kadi.

Nyumbani mume wake, anayeitwa Fundi Saa kwa sababu hutengeneza saa na kwa sababu hajawahi kufika mahali kwa wakati, aliipokea habari kwa heshima zote. Alisimama, akavua miwani yake ya kukuzia.

"Mheshimiwa Jaji, karibu. Chai nimimine, au tusubiri ushahidi?"

"Mimina, na uache maneno."

"Maneno naacha. Lakini nina kesi yangu ya siku nyingi. Kuna mwanamke humu ndani anatumia brashi yangu ya saa kupaka gundi."

"Kesi imetupwa. Mlalamikaji naye anatumia uzi wa huyo mwanamke kufungia mikanda ya saa."

Fundi Saa akacheka, akamimina. Kisha akamtazama mke wake vizuri. Miaka thelathini na moja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuliona jambo dogo linapokwama kwenye meno ya gurudumu.

"Unaogopa nini, mama watoto?"

"Wenzangu wamesoma. Mmoja ni mwalimu wa uchoraji. Nikifungua mdomo wataona mara moja kwamba nilikuja pale kufagia."

"Wakiona wataona mtu aliyefagia vizuri. Kunywa chai."

Mkutubi mkuu alimpa kazi moja zaidi. Hakutaka majaji wababaishwe na majina makubwa ya waandishi, kwa hiyo alimwomba afunike maandishi yote ya kwenye majalada, jina la kitabu na la mwandishi. Mama Gundi alikata vipande vya karatasi ya kijivu, akavibandika kwa gundi nyepesi ya unga inayobanduka bila kuacha alama. Alhamisi asubuhi akavisimamisha vitabu vyote vinane kwenye vishikizo vya mbao juu ya meza ndefu ya chumba cha mikutano. Joka alilisimamisha kwa miguu yake. Roboti alilisimamisha kwa miguu yake. Cha nane akakisimamisha alivyokijua.

Saa nne majaji wakaingia. Mwalimu wa uchoraji alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na tabia ya kulifumba jicho moja kila anapotazama picha, kana kwamba picha inamlenga yeye. Jaji mwingine alikuwa mwenye duka la vitabu la jirani, mwanamke wa kicheko kikubwa, ambaye mtaa mzima humwita Dada wa Duka.

"Kumbe jaji wa tatu ni Mama Gundi!" alisema Dada wa Duka. "Afadhali. Nilidhani wataleta profesa atuhubirie mpaka tumbo liume."

Wakazunguka meza. Kila jaji alikuwa na karatasi, na kila jalada lilipewa alama kati ya moja na kumi. Wakaanza na joka. Lilikuwa joka la dhahabu kweli kweli, dhahabu ile ya kubandikwa inayometameta, limejikunja juu ya mnara, na ukisogea kidogo magamba yake yanawaka moja baada ya jingine.

"Hili kwangu linauzwa kama mkate," alisema Dada wa Duka. "Watu hawaulizi hata ndani kuna nini."

"Mistari ya shingo ni mizuri," alisema mwalimu, jicho limefumbwa. "Mnara ndio umenisikitisha. Mama, wewe wasemaje?"

Mama Gundi aliinama akayatazama magamba. "Dhahabu hii inabanduka," alisema. "Miezi miwili tu. Vidole vya watoto vikipita hapo mara hamsini, joka linabaki na kipara."

Dada wa Duka akaangua kicheko mpaka akashika meza. Mwalimu naye akatabasamu, akasogea, akalikuna joka kidogo kwa ukucha. Punje ya dhahabu ikabaki kidoleni kwake. Aliitazama kwa huzuni.

Tangu hapo Mama Gundi akaona hewa ya chumba imekuwa nyepesi. Akawaonyesha jalada jeusi lenye mwezi mmoja mdogo pembeni, jinsi lilivyo zuri na jinsi lisivyoficha hata tone moja la jasho. Akawaambia kuhusu roboti linalolia mafuta, kwamba mtu mmoja alikirudisha kitabu hicho akidhani kimemwagikiwa mafuta, akataka kingine.

Wakafika kwenye la kijani. Mwalimu wa uchoraji alisimama hapo muda mrefu kuliko kwingine, na macho yake yote mawili yalikuwa wazi.

"Huyu mama," alisema taratibu, "amesimama juu ya mtoto aliyekuwa."

Mama Gundi aligeuka kumtazama. Miaka yote alidhani ni yeye peke yake.

Dada wa Duka ndiye aliyekunja uso. "Hiki nakijua, kwangu kipo. Lakini leo kuna kitu kinanikera na sikijui ni nini. Kama mtu unayemfahamu kanyoa ndevu."

Wakaandika. Mkutubi mkuu akakusanya karatasi, akajumlisha mara mbili, akajikuna kidevu. Joka la dhahabu: mwalimu nane, Dada wa Duka kumi, Mama Gundi saba. Ishirini na tano. La kijani: mwalimu tisa, Dada wa Duka sita, Mama Gundi kumi. Ishirini na tano. Mengine yote yalikuwa nyuma.

"Tumefungana," alisema mkutubi mkuu. "Basi tuvifunue hivi viwili, tuone tunazungumzia vitabu gani, kisha tuamue."

Akabandua karatasi ya kijivu kwenye joka. Jina likatokea, kubwa, la kumetameta. Akabandua ya kwenye jalada la kijani. Ilitoka vizuri, bila kuacha alama. Na jina la kitabu likatokea chini kabisa, herufi zote zimesimama kwa vichwa vyao.

"Jamani!" Dada wa Duka akapiga makofi. "Kipo kichwa chini! Si nilisema? Kitabu kimesimama kichwa chini na sisi watu wazima watatu tunakitolea hotuba!"

Alicheka mpaka machozi. Hakukusudia ubaya. Lakini Mama Gundi aliona haya. Nani asiyemjua yule mtu wa vichekesho anayeshika gazeti kichwa chini ili aonekane msomi? Na yeye, fundi wa maktaba, alikuwa amefanya hivyo hivyo mbele ya mwalimu.

"Nani alivipanga hivi vitabu?" aliuliza mkutubi mkuu.

Hakuna aliyemwona akivipanga. Angeweza kusema mfagiaji alikisukuma wakati wa kupangusa meza.

"Mimi," alisema Mama Gundi. "Nimekosea, mkuu. Mezani kwangu vitabu hulala hivyo kwa ajili ya dirisha. Nimekijua hivyo mara tisa. Hata sikuona."

Dada wa Duka akaacha kucheka ghafla. Mwalimu wa uchoraji alikuwa amevua miwani na anaifuta kwa shati, ingawa ilikuwa safi.

"Mwanafunzi wangu akimaliza picha," alisema, "namwambia aigeuze kichwa chini. Picha ikiwa na mwili mzuri itasimama hata hivyo, ikiwa na mwili mbaya itaanguka. Nimewaambia hivyo kila mwaka. Leo nimegeuziwa mimi, na sikujua. Mama, usijilaumu. Mtu wa kuona haya hapa ni mimi."

"Sote, mwalimu, sote," alisema Dada wa Duka. "Na mimi ndiye ninayekiuza."

Lakini mkutubi mkuu alikuwa mtu wa kanuni kama alivyokuwa mtu wa funguo. Akaisoma kanuni ya shindano: jalada litahukumiwa jinsi lilivyochapishwa. Alama za jalada la kijani zikafutwa. Akakigeuza kitabu kwa mikono yake, akakirudisha kwenye kishikizo.

Sasa palikuwa na ukingo wa maji. Mtoto wa kike, peku, amesimama kwenye matete, ameinamisha shingo kutazama maji ya kijani. Na majini, mahali ambapo ingekuwa sura yake mwenyewe, palikuwa na mwanamke wa makamo mwenye kofia ya kioo kwapani, na nyuma yake nyota.

"Ndiyo huyu!" alisema Dada wa Duka. "Huyu mtoto ndiye ninayemjua. Anatazama maji, anamwona mtu atakayekuwa. Mabinti wanakinunua kwa sababu yake. Mimi natoa tisa."

"Nane," alisema mwalimu. "Ni kazi safi. Ila yule mama nilikuwa nimeshampenda."

Nane na tisa, kumi na saba. Kila mtu chumbani aliweza kupiga hesabu. Joka lilikuwa na ishirini na tano. Mama Gundi akitoa tisa, kadi ni ya jalada la kijani. Akitoa nane, wamefungana tena. Akitoa saba, joka linaingia mifukoni mwa watu.

Wakamgeukia.

"Si unarudia tu kumi yako?" alisema Dada wa Duka.

Mama Gundi alitamani sana kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini alimtazama yule mtoto wa kwenye matete na moyo ukamkatalia.

"Ile kumi nilimpa mtu mwingine," alisema. "Huyu mtoto simjui. Nipeni dakika chache."

Akakichukua kitabu, akaenda nacho chumbani kwake nyuma. Akakiweka mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili hakukaa kwenye kiti chake. Alizunguka, akavuta stuli ya wageni, ile wanayokalia watoto wanapoleta vitabu vilivyoumia, akakaa upande wao. Kitabu kikiwa vile vile, mgongo dirishani, sasa kilikuwa kimemsimamia sawasawa.

Mwanzoni hakuona kitu ila makosa yake. Kisha akaanza kukitazama kama fundi, maana ndivyo anavyojua kutazama. Pembe ya kulia kwa chini ilikuwa imechakaa, ndipo dole gumba hushika. Hilo ni la kawaida. Mkunjo wa jalada, aliutengeneza mwenyewe, bado umekaza. Halafu akaliona doa. Rangi ilikuwa imefifia mahali pamoja, padogo kama sarafu, chini katikati, mbali na pembe. Doa hilo alilijua. Mara zote tisa alikuwa ameliona juu, kwenye uso wa Mama wa Nyota, akadhani mchoraji ametaka uso uwe na mwanga.

Haukuwa mwanga. Zilikuwa ncha za vidole. Watoto, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamekaa na kitabu hiki na kunyoosha kidole wakamgusa. Wala si mtoto mwenzao kwenye matete waliyemgusa. Wamemgusa mama aliye majini.

Akakaa pale kwenye stuli fupi, magoti juu, kama wakaavyo wao. Akanyoosha kidole chake chenye gundi iliyokauka akakiweka pale pale. Kidole kikaenea.

Kwa hiyo wote walikuwa wakimtazama mtu yule yule. Yeye kwa upande wake wa meza, wao kwa upande wao.

Aliporudi chumba cha mikutano, Dada wa Duka alikuwa anamweleza mwalimu bei za fremu na mwalimu hasikilizi.

"Tisa," alisema Mama Gundi.

"Na hiyo moja umempa nani?" aliuliza mkutubi mkuu, kalamu mkononi.

"Nimeizuia. Mtoto nimemjua leo tu. Siwezi kumpa kumi mtu niliyekutana naye dakika kumi zilizopita."

Ishirini na sita. Dada wa Duka akapiga vigelegele ndani ya maktaba, na kibao cha kuomba ukimya kikanyamaza chenyewe. Mwalimu wa uchoraji akaomba akishike kitabu. Akakitazama, akakigeuza, akakitazama, akakigeuza tena, mpaka mkutubi mkuu akamwambia kwa upole kwamba saa za mkutano zimekwisha.

Kadi zilikuja baada ya wiki tano, zimefungwa kwa mpira kumi kumi. Mkutubi mkuu alileta ya kwanza mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, na hapo likagundulika jambo la kuchekesha: Mama Gundi hakuwahi kuwa mwanachama wa maktaba. Vitabu vilimjia vyenyewe, kadi ya nini? Akajaza fomu kwa mwandiko wake wa mviringo, akapewa namba. Aliipokea kadi kwa mikono miwili, akaitazama, akaigeuza juu chini.

"Umeishika kichwa chini, Mama Gundi," alisema mkutubi mkuu.

"Najua, mkuu. Namwamkia yule wa upande wa pili."

Jioni hiyo alikwenda mbele, akapita kwenye rafu kama watu wengine, akaazima kitabu kimoja.

Nyumbani alikaa mezani mbele ya Fundi Saa, ambaye alikuwa na saa ya mtu imetawanyika juu ya kitambaa, na mwenye saa ameahidiwa kuipata juzi. Mama Gundi akasoma kurasa arobaini. Alipoinuka kuweka maji jikoni, akakilaza kitabu mezani, jalada juu, kimeelekea kiti chake.

Fundi Saa, kutoka upande wa pili wa meza, akanyoosha shingo.

"Mama watoto," aliita, "huyu mama aliyesimama kwenye nyota ni nani? Anafanana na wewe unapokasirika."

Mama Gundi alikuja mlangoni na birika mkononi. Alimtazama mume wake, akatazama kitabu, akatazama kiti kitupu kilichokuwa upande wake.

"Hebu inuka hapo," alisema. "Njoo ukae huku, nikuonyeshe na mtoto wake."

Fundi Saa akainuka, na gurudumu moja dogo la saa ya watu likabiringika sakafuni. Ilibidi wapige magoti wote wawili kulitafuta kabla hajaonyeshwa kitu.